Wanaogopa Makopo ya Rangi, Mimi Naogopa Mfuko Mweupe

Karibu kila anayeingia karakana ya ufinyanzi kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: "Fundi, ipi hapa ni sumu?" Na wakati anauliza, macho yake yako kwenye rafu ya juu. Huko ndiko yanakokaa makopo madogo ya oksidi za rangi: kobalti, shaba, kromi, manganizi, na moja lenye alama ya fuvu, lililozungushiwa utepe ili asilifungue yeyote bila kuniambia. Hakuna anayetazama chini. Chini, umeegemezwa ukutani, uko mfuko mweupe wa kilo 25 ulioandikwa "silika", mdomo umekunjwa mara mbili ukabanwa. Huo ndio ambao ningependa niulizwe habari zake.

Sisemi makopo ya juu hayana neno. Yana neno, na nitayafikia. Ninachosema ni kwamba woga wa watu katika kazi hii umeelekezwa pasipo. Mtu anavaa glavu mbili ili ashike gramu tano za kobalti, kisha akimaliza anachukua ufagio na kufagia sakafu kavu bila wasiwasi wowote. Nimewaona hata mafundi wa miaka mingi wakifanya hivyo. Ukiwauliza, watakwambia glezi yao haina madhara kwa sababu lebo imesema haina madini ya risasi.

Kwa asiyeijua kazi hii: glezi ni madini yaliyosagwa yakawa unga laini, yakachanganywa na maji. Chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja huchovywa humo, au hupakwa kwa brashi, au hupuliziwa, kisha hurudishwa tanurini. Kwenye joto la nyuzi 1,000 hadi 1,300 za Selsiasi ule unga huyeyuka ukawa kioo kilichogandamana na udongo. Kioo hicho msingi wake ni silika. Kwa kuwa silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,700, unaongeza viyeyushi: feldispa, chokaa, borati, na zamani risasi. Unaongeza kaolini, yaani udongo mweupe, ili glezi isitiririke ukutani mwa chombo. Rangi inaingia mwisho kabisa, tena kwa asilimia chache. Kwa hiyo ndoo ya glezi ya buluu, ukiipigia hesabu ya uzito, karibu yote ni vile vitu vyeupe ambavyo hakuna anayeviogopa.

Tuanze na kifua. Pua na koo hunasa chembe kubwa za vumbi, na zile unazipiga chafya au kuzikohoa zikaisha. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupita, na zile za mikroni 4 kushuka chini hufika mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho jicho halikioni kikiwa peke yake. Kule ndani, seli za kinga huja kuimeza chembe ya silika kama zinavyomeza uchafu mwingine. Zinashindwa kuiyeyusha, zinakufa, zinaiachia, na seli nyingine zinakuja kuimeza ileile. Kila mzunguko unaacha uvimbe mdogo, na uvimbe unaacha kovu. Palipo na kovu hewa haipiti kwenda kwenye damu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba, mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kabla haujajitokeza, na unaweza kuendelea kusonga hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Neno la kushika hapo ni fuwele. Silika iliyokwisha kuyeyushwa ikawa kioo, kama ile iliyomo ndani ya friti, yaani kioo cha glezi kilichoyeyushwa mapema kisha kikasagwa tena, haina ukali huohuo mapafuni. Ndiyo maana glezi iliyotengenezwa kwa friti nyingi ina nafuu kidogo kuliko iliyotengenezwa kwa silika mbichi, ingawa vumbi la kioo nalo si la kuvutwa.

Kiasi gani ni kikubwa mno? Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, iliweka ukomo wa mikrogramu 50 za silika hiyo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta kama mita 10 za ujazo kwa zamu moja. Piga hesabu: ni nusu miligramu kwa siku nzima, uzito wa punje chache za chumvi. Mfuko wangu wa kilo 25 una nusu miligramu milioni 50. Si unga wote ulio laini kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa, nakubali. Lakini hesabu hiyo inanitosha kuelewa kwa nini "vumbi kidogo tu" si maneno ya kumpa mtu moyo.

Wala jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 18 wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, walikuwa wakisaga mawe ya gumegume, ambayo karibu yote ni silika, ili udongo wao uwe mweupe. Waliyasaga makavu. Mwaka 1726 Thomas Benson alipata hataza ya kuyasaga ndani ya maji, na maelezo ya hataza hiyo hayakumung'unya maneno: mtu hata awe na afya na nguvu vipi, akifanya kazi ya kusaga makavu hatarajiwi kuishi zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo dawa imejulikana kwa karibu miaka 300, nayo ni maji.

Ila maji yale yalimwokoa msagaji peke yake. Katika viwanda vya porselini vya eneo hilohilo, vyombo viliendelea kupangwa tanurini vikiwa vimezikwa katika unga mkavu wa gumegume ili visipinde. Vilipotoka, wanawake waliketi kuvisugua na kuvipangusa unga ule, saa baada ya saa, siku zote za wiki ya kazi. Uchafu uliokuwa ukipanguka ni silika iliyochomwa. Ilichukua mpaka mwaka 1947 kanuni za nchi hiyo zikapiga marufuku unga wa gumegume katika upangaji huo, na mahali pake pakachukuliwa na alumina, ambayo haili mapafu namna ile. Nikisoma historia hiyo jambo moja hunirudia: hatari ilipoondolewa kwa anayesaga, ilihesabiwa kuwa imekwisha, na kumbe ilikuwa imehamia kwa anayesafisha.

Karakana nyingi za leo bado ziko hapohapo. Anayechanganya glezi anavaa barakoa. Anayefagia jioni havai.

Kuna jaribio ninalomfanyia kila anayeanza kazi, na halihitaji kifaa cha maabara. Tunasubiri giza liingie, tunazima taa, tunaweka tochi kali juu ya meza. Simama upande ambao mwanga unakuelekea, kisha ziba tochi yenyewe kwa kipande cha ubao ili isikupige machoni, ubaki unaona mwale tu. Vumbi laini la hewani ambalo mchana halionekani utaliona hapo, likielea. Kisha namwomba avue aproni yake ndani ya mwale ule. Asiikung'ute, aivue tu kama anavyoivua kila siku. Glezi iliyokauka kifuani pa aproni hupasuka pale kitambaa kinapojikunja, na kila mkunjo unatoa wingu lake. Linapanda, halishuki. Linaelekea usoni kwa sababu joto la mwili linapandisha hewa.

"Fundi, hilo lote limetoka kwenye aproni?"

"Hilo lote. Na hukufanya kitu."

Sijawahi kuhitaji kumwambia mtu mara ya pili aifue aproni baada ya hapo. Tukiendelea, namwonyesha wakati mbaya kuliko wote katika uchanganyaji, na si ule watu wanaoudhani. Si kupima. Ni kukunja mfuko mtupu. Mtu amemaliza silika, mfuko umebaki na vijiko viwili vya unga pembeni, anaukandamiza kifuani ili utoke hewa na ukunjike vizuri. Hewa inatoka kweli, pamoja na unga wote laini uliokuwa umeganda kwenye karatasi, moja kwa moja mpaka puani. Mfuko mtupu unanyunyiziwa maji kwa ndani, unaachwa dakika kadhaa, ndipo unakunjwa taratibu.

Kuchanganya kwenyewe hakuna siri. Maji yanatangulia ndoo, unga unafuata, kamwe si kinyume chake. Kijiko kinashushwa mpaka karibu na sahani ya mizani, hakimwagi kutoka juu. Unga ukishakuwa juu ya maji unaachwa uzame wenyewe, maana kuukoroga ukiwa bado mkavu juu ndiko kunakorusha wingu. Kilichomwagika kinapanguswa kwa sifongo chenye maji wakati huohuo, na sifongo kinasuuzwa kabla hakijakauka. Kitambaa chenye glezi kikiachwa kikauke juu ya meza, usiku umekigeuza kuwa chanzo kingine cha vumbi.

Ufagio sina. Niliuondoa karakanani, na wageni wengine hunicheka kwa hilo. Ufagio juu ya sakafu kavu hauondoi vumbi laini, unalinyanyua. Chembe ya mikroni moja katika hewa tulivu huchukua saa kadhaa kushuka urefu wa mtu. Anayefagia saa kumi na moja jioni, akafunga mlango, anamwachia anayebaki ndani hewa aliyoichafua yeye. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi nayo ni hadaa: inameza punje kubwa na kutema laini kwa nyuma kwa nguvu. Ile yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe laini, ndiyo inayofaa. Isipokuwepo, piga deki kwa maji mengi, badilisha maji yanapochafuka, anza mwisho wa chumba ukija mlangoni.

Maji yana mahali pake pa kushindwa, nao ni upuliziaji. Wapo wanaoamini kwamba glezi ya kupulizia ni salama kwa kuwa ni majimaji. Bomba la hewa linaivunja ile glezi kuwa matone madogo sana, maji yanakauka yakiwa bado angani, na kinachobaki kikielea ni unga uleule uliokuwa mfukoni, sasa ukiwa na rangi zake zote. Kupulizia kunataka kibanda chenye feni inayovuta hewa kutoka kwa mpuliziaji kwenda nje, na barakoa ya kweli juu yake. Kufungua dirisha na kusimama upande wowote ule hakutoshi. Asiye na kibanda achovye. Glezi zilizopendeza kwa kuchovywa ni nyingi mno mtu asijione amepungukiwa.

Sasa niyafikie makopo, na nianze na risasi, kwa sababu hakuna kitu katika kazi hii kilichowaumiza watu kwa muda mrefu hivyo huku kila mmoja akijua. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alikwisha kuandika juu ya wafinyanzi waliosaga risasi kwa ajili ya glezi: mikono inatetemeka, baadaye inapooza, meno yanatoka, uso unapoteza damu. Waliendelea kuitumia. Si kwa ujinga. Risasi huyeyuka kwa joto dogo, hung'aa sana, hufunika makosa ya mchovyaji, na rangi ndani yake hutoka safi. Kwa anayechoma kwa kuni, katika tanuri lisilofika mbali kwa joto, hakuna kiyeyushi kilichomhurumia kama hicho.

Karne mbili baadaye, katika viwanda vya Staffordshire, waliokuwa wakichovya vyombo na kusafisha kingo zake walikuwa wakipata maumivu makali ya tumbo, viganja vinavyolegea visiweze kuinuka, mstari wa buluu kwenye fizi, degedege, upofu. Wengi katika kazi hizo walikuwa wanawake na wasichana, na mimba ziliharibika kwa wingi. Mwaka 1898 serikali iliwatuma mkemia Edward Thorpe na daktari Thomas Oliver wachunguze. Jibu lao lilikuwa kwamba vyombo vingi vinaweza kutengenezwa bila risasi kabisa, na kwa vile visivyowezekana, risasi iyeyushwe kwanza pamoja na silika iwe friti, isagwe upya, isiwe tayari kuyeyuka tumboni kama risasi mbichi. Wenye viwanda walilalama kwamba biashara ingekufa. Kanuni zilezile za 1947 ndizo zilizokuja kufunga mjadala nchini humo kwa kupiga marufuku glezi yenye risasi inayoyeyuka kirahisi. Biashara haikufa kwa sababu hiyo.

Kinachonifanya niikatae risasi karakanani, hata ya friti, ni njia yake ya kukaa mwilini. Ikiingia kwenye damu, nusu yake hupungua kwa mwezi mmoja hivi, na mtu anaweza kudhani imekwenda zake. Sehemu imekwenda mifupani, kwa kuwa mwili unaichukulia kuwa kalisi, na huko inakaa kwa miaka mingi sana ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Wakati wa ujauzito, au uzeeni mifupa inapodhoofika, inarudi kwa kasi zaidi. Kisha kuna nguo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa na habari za glezi, lakini vumbi la risasi linafika nyumbani kwa njia hiyohiyo: juu ya shati, kwenye nywele, kwenye soli za viatu. Mtoto anayetambaa sakafuni na kuweka vidole mdomoni anapata kiasi ambacho kwa mwili wake ni kikubwa kuliko kile alichopata mzazi kazini. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kwenye damu kuwa ni salama. Anayelazimika kufanya kazi nayo abadilishe nguo na viatu palepale kazini, azifue peke yake, aoge kabla ya kumshika mtoto, na apime damu kwa vipindi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli. Kungoja dalili ni kuchelewa.

Bariamu kabonati ndilo kopo langu la fuvu. Ni unga mweupe usio na harufu wala ladha ya kumshtua mtu, unaotoa glezi zisizong'aa zenye buluu nzuri ajabu. Umewahi pia kuuzwa kama sumu ya panya. Hapa watu huchanganyikiwa, maana hospitalini mgonjwa hunyweshwa kikombe kizima cha bariamu kabla ya kupigwa eksirei na anatoka salama. Ile ni salfeti, ambayo haiyeyuki tumboni, inapita kama ilivyoingia. Kabonati inakutana na asidi ya tumbo, inayeyuka, inaingia kwenye damu na kuvuruga potasiamu mpaka misuli inalegea na moyo unapiga ovyo. Tofauti ni nusu ya pili ya jina, na ndiyo maana sikubali kopo liandikwe "bariamu" tu. Mapishi mengi yanakubali strontiamu kabonati badala yake: kwa kila gramu 100 za bariamu weka gramu 75 za strontiamu, choma kipande cha majaribio, linganisha. Mara nyingine buluu haifiki palepale. Nimeridhika na isiyofika.

Manganizi inaogopwa kwa namna isiyo sawa. Watu wanaogopa kuigusa, na ngozi siyo njia yake kubwa. Njia yake ni hewa: vumbi lake, na moshi wake inapochomwa joto kali. Mwaka 1837 Couper, daktari wa Glasgow, alieleza dalili alizoziona kwa wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini hayo: miguu dhaifu, mwendo wa kuyumba, uso usioonyesha hisia, sauti iliyofifia. Ni ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson. Kwa hiyo glezi za dhahabu zenye manganizi nyingi hazichomwi katika chumba wanamoketi watu. Basi.

Mengine nitayapitia haraka. Nikeli na kromi huamsha mzio wa ngozi, na ukishaamka hauondoki. Rangi nyekundu na za machungwa zenye kadimiamu siku hizi huuzwa zikiwa zimefungiwa ndani ya ganda la zirkoni, na zimetulia mradi usizitie kwenye kinu cha kusagia, maana ukizisaga umelipasua ganda ulilolilipia. Majivu ya kuni watu huyaamini kwa sababu ni ya asili, lakini maji yaliyokaa na majivu ni magadi makali yanayochubua mikono, na macho ndiyo kabisa. Glavu za nitraili na miwani ya kinga vinatosha hapo.

Na ile lebo ya "salama kwa chakula"? Inamhusu mnywaji wa chai. Inasema kioo kilichokwisha kuchomwa vizuri hakitoi madini kwenye chakula. Haimsemi chochote aliyekuwa ameinamia ndoo wakati kioo hicho kilikuwa bado unga.

Cha kumsema yeye ni karatasi ya taarifa za usalama, ambayo muuzaji wa kemikali anapaswa kuitoa pamoja na mzigo. Ina sehemu 16 na imeandikwa kwa lugha ya kuchosha, kwa hiyo usiisome yote. Sehemu ya 2 inataja hatari, ya 3 inataja vilivyomo, ya 8 inataja ukomo wa hewani na vifaa vya kujikinga. Katika sehemu ya 3 tafuta namba 14808-60-7. Hiyo ndiyo namba ya kuwatsi, silika ya fuwele, na utashangaa itakapokutokea kwenye mifuko isiyoitwa silika: kaolini, udongo wa glezi, feldispa, hata udongo wako wa kufinyangia. Nefelini saianiti, kwa upande wake, haina kuwatsi huru na inaweza kushika nafasi ya feldispa katika mapishi mengi. Wolastonaiti huleta chokaa na silika kwa pamoja bila fuwele hizo. Mabadiliko ya aina hii hayaonekani kwenye chombo kilichomalizika, lakini hewa ya karakana inayajua.

Barakoa nimeichelewesha makusudi. Ni kinga ya mwisho, inayofanya kazi pale tu mengine yote yamekwisha kufanywa, na ndiyo ya kwanza kununuliwa kwa sababu inaonekana. Ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ya hospitali, ile nyepesi ya kufunga masikioni, inaacha mianya kila upande. Inayofaa ni yenye alama ya N95 au FFP2 kwa uchache, FFP3 au P100 ikiwezekana, iliyokaa usoni barabara. Ndevu, hata za siku mbili, zinavunja ule mshikamano wa ukingo na ngozi. Fundi achague kimoja. Barakoa iliyoshushwa kidevuni kwa sababu ya maongezi imekwisha kukusanya vumbi kwa ndani, na ikipandishwa tena mdomo unalipokea lote. Na kichujio cha vumbi hakizuii gesi.

Gesi zipo, tanurini. Udongo una masalia ya mimea, na yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Udongo wenye salfa hutoa gesi inayowasha koo. Nta iliyopakwa kuzuia glezi huungua mapema na kutoa moshi mkali wa kutoa machozi. Tanuri la umeme watu huliweka ndani ya chumba cha kazi kwa kuwa halitoi moto unaoonekana, na hapo hukosea: linatoa yote hayo. Liwe na chumba chake, au liwe na feni inayonyonya hewa kutoka ndani ya tanuri lenyewe na kuitupa nje. Feni ya kupoza chumba inayasambaza tu.

Mabaki nayo yana utaratibu wake. Maji ya kusuuzia brashi na ndoo hayamwagwi kwenye sinki. Yanakusanywa kwenye pipa moja, yanaachwa yatulie usiku, maji safi ya juu yanachotwa taratibu na kutumika tena kusuuzia. Tope la chini halianikwi likawa unga. Linatiwa likiwa bichi ndani ya bakuli bovu la udongo, linakauka humohumo, na bakuli linaingia tanurini pamoja na mzigo wa kawaida, likiwa na sahani pana chini yake ikitokea kufurika. Yenye risasi, kadimiamu au bariamu hayafuati njia hiyo. Yanawekwa kwenye chombo chenye kifuniko na jina, yanapelekwa kunakopokelewa taka za kemikali.

Vivyo hivyo kopo lolote lililopoteza lebo. Kila karakana ya zamani ina makopo ya namna hiyo, yameachwa na fundi aliyehama au yamekuja na rafu zilizonunuliwa kwa mtu. Unga ni mweupe, nao unaweza kuwa chokaa, kaolini, bariamu au risasi nyeupe, na hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Halifunguliwi ili linuswe, halijaribiwi kwenye kigae ili kuona litatoa nini. Linaandikwa "halijulikani", na linaondoka na mzigo wa taka unaofuata.